Kiapo cha Kutokuwa Mtu Mwingine

Niliondoka Nairobi kwa sababu ya jina. Unga wa lishe wa watoto wa Ishiara ulikuwa umekaa wiki tatu kwenye stoo huko Majengo, Meru. Mwenye lori la kuusafirisha, Mzee Omari Saidi, ana jina moja na mtu aliye kwenye orodha ya vikwazo vya kimataifa. Wafadhili wakasema hakuna mfuko utakaotoka mpaka ithibitishwe kwamba siye. Niliuliza wakubwa wa shirika letu la misaada mtu huthibitishaje kwamba si mtu mwingine. Nikapewa nauli.

Asubuhi nilimkuta Majengo akipaka lori lake grisi, nikamweleza habari ya orodha.

"Huyo mwenzangu ana lori?"

"Haijaandikwa, Mzee."

"Sasa wanajua nini?"

"Jina."

"Hilo ni la babu yangu. Wamuulize yeye."

Saa sita tulikuwa kwa wakili mjini. Karani wake, Kendi, huandika viapo siku nzima, maana nusu ya Meru ina jina moja kwenye kitambulisho na lingine kwenye cheti cha shule.

"Fomu ya kuapa nyinyi ni mtu mmoja ninayo," alisema. "Ya kuapa si mmoja sijawahi kuombwa. Nitarekebisha hii."

Akapiga muhuri. Nikatuma picha ofisini Nairobi, nao wakaipeleka ng'ambo kwa wafadhili. Saa kumi jibu likaja: imekubaliwa. Tukapakia.

Kesho yake, baada ya kupita Chuka, tukiteremka kwenye joto la Mbeere, ndipo nilipokisoma kiapo. Kilisema Omari Saidi wa Majengo na Omari Saidi wa kwenye orodha ni mtu mmoja. Kendi alikuwa amerekebisha majina tu. Nikamsomea Mzee.

"Na wamekubali?"

"Wamekubali."

"Basi funga hiyo karatasi, mwanangu."

Ishiara, akina mama walikuwa wamekaa sakafuni kwenye zahanati. Muuguzi, Sista Wanja, alifungua daftari akaanza kuita watoto mmoja mmoja. Alipofika kwa Njeru hakuna aliyeitika.

"Alizikwa Jumanne," mama mmoja akasema.

Sista akachora mstari, akaita anayefuata. Mzee Omari alitoka nje, akashusha mifuko iliyobaki bila kungoja vijana wa kubeba.

Niliporudi Nairobi niliuliza nani alisoma kile kiapo. Nikaambiwa kina muhuri. Nikauliza kifo cha Njeru kitaandikwa wapi kwenye ripoti. Mkuu wangu aliitazama fomu ya ripoti pande zote mbili, akasema hakuna nafasi yake.

Nikaona ni kweli, haipo. Nami niliitazama pande zote mbili.