Harusi ya Veronica

Mwaka wanunuzi binafsi walipoingia na malori yao kushindana na ushirika kununua pamba, Bariadi ilichangamka kwa harusi. Ya Veronica ndiyo iliyomtesa Milembe. Veronica alikuwa binti wa marehemu kaka yake, na Milembe ndiye aliyemlea tangu uchanga. Lakini macho ya Milembe yalikuwa mekundu kwa moshi wa samadi kavu, maana kuni zilikuwa adimu, na msimu ule mtaa ulikuwa umezika watoto wawili. Minong'ono ikaanza, kwamba macho mekundu ni ya mchawi.

Domitila, kiongozi wa akina mama wa kanisa, alimfuata nyumbani.

"Dada Milembe, safari hii usipike. Pumzika."

"Mmeniona mchawi?"

"Aa, jamani! Sisi tumeokoka, hatuamini uchawi. Tunaepusha maneno tu."

Siku ya harusi Milembe alikwenda na sahani ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, aliyoipika kwa karanga, chakula alichomkuzia bibi harusi. Alipoingia ukumbini, kwaya ilikatiza wimbo. Mama mmoja akamfunika mwanawe kwa khanga. Milembe akaenda moja kwa moja kwa mchungaji Elia, aliyehubiri upendo asubuhi ileile.

"Mchungaji, onja mbele yao. Ukikataa, waambie kwa nini."

Elia akatabasamu, akatia kipande mdomoni, akatafuna-tafuna, kisha akajipangusa kwa leso. Milembe alikiona kipande kikiangukia ndani ya leso. Akamgeukia Veronica. Veronica akainamisha kichwa.

Milembe akaiacha sahani pale, akatoka. Hakulia mpaka alipofunga mlango wake.

Kesho yake, jua la utosi, akasikia hatua uani. Akashika mpini wa jembe. Wanawake wa rika lake waliodhaniwa wachawi walishakatwa mapanga mchana kweupe. Kumbe ni Veronica na mumewe, Anatoli.

"Shangazi, nina njaa."

"Jana ulikuwa umeshiba?"

Veronica akapiga magoti. "Jana niliogopa."

"Na leo mmenijia kupitia uchochoroni?"

"Tumepita katikati ya soko. Domitila ameniuliza niendako. Nimemwambia naenda kula kwa shangazi yangu."

Milembe aliwaacha pale kwa muda, hasira ikimpanda na kushuka. Kisha akaweka jembe chini, akainjika sufuria.

Kanisani hakurudi tena. Ila baada ya siku ile, wanawake wachache walianza kumsalimu barabarani, "Mwangaluka, mayu," yaani habari za asubuhi, mama, kwa sauti ya kusikika.