Kabla Binti Yangu Hajaenda Ufilipino

Wewe ni mtu ninayeweza kumwachia ufunguo wa nyumba yangu, kwa hiyo hili nakusimulia bila kuficha.

Tulikuwa tumeshahamia kijiji cha ujamaa. Mchana tunalima, jioni tunasoma darasa la watu wazima. Binti yangu alikuwa akisaidia wauguzi kwenye zahanati ya misheni, na masista wakataka kumpeleka Ufilipino akasomee kazi hiyo. Baba yake akasema, "Mimi sina neno. Lakini mama yake asiporidhia, haendi." Basi mzigo ukaniangukia mimi. Nikasali rozari, moyo haukutulia.

Siku moja sista wa zahanati, mzaliwa wa huko huko Ufilipino, akanifuata shambani Mkumbi. Mimi na wifi yangu tulikuwa kwenye ngolo, yale mashimo yetu ya mlimani. Wanaume wanafyeka na kulaza majani, sisi wanawake tunayafukia. Mvua ikija, maji yanatulia shimoni na udongo haushuki bondeni.

Nikamwambia, "Sista, nieleze nchi yenu kama unamweleza mgeni anayefika leo."

"Ni visiwa, mama, vingi mno. Joto lake kama ukishuka Ngumbo, kule ziwani. Wali asubuhi, mchana na jioni, na samaki wakavu."

"Na ugali?"

"Hakuna."

Wifi akaacha jembe. "Mmatengo bila ugali! Huyo atarudi mifupa."

Sista akacheka sana. Akasema kwao kijana akikutana na mzee, anaushika mkono wa mzee na kuugusisha kwenye paji lake la uso. Nikapenda, maana ni shikamoo ile ile. Makanisa yanajaa. Na milimani wanakata ngazi za mpunga, kuta za mawe zinazuia udongo.

"Nani analima, wanaume au wanawake?" wifi akauliza.

"Wote."

"Basi nipelekeni mimi!"

Nikaanza kulegea. Halafu sista, kwa kuwa si mwongo, akaongeza kwamba kuna miezi inakuja dhoruba kutoka baharini, inaezua mapaa.

Nikasimama. "Na mwanangu akiwa chini ya paa hilo?"

"Mama yangu naye yuko chini yake," akajibu. "Niliposema nakuja Afrika, watu walimwambia nitaliwa na simba. Alilia, halafu akanibariki. Binti yako atakwenda likizo kwake."

Mwanamke nisiyemjua alikuwa amemtoa mtoto wake aje kututibu homa zetu huku. Mimi ningemzuia wangu kwa uso gani mbele ya Mungu? Nikapangusa udongo mikononi.

"Aende," nikasema.

Sasa yuko huko, anakula wali wao. Nawe ukikutana na mama anayeogopa kumwachia mwanawe aende mbali, msimulie haya, naye amsimulie mwenzake: huko ng'ambo nako yupo mama, na chakula kiko jikoni.