Chai Iliyojileta Mezani

Tangu Ozella Crutchfield ahamie California, mama yake, Bi Lutie, hakuwahi kuamini kwamba binti anaigiza filamu. Alijua, kwa ujuzi ule wa akina mama usiohitaji ushahidi, kwamba anapiga deki kwenye nyumba za wazungu na anaona haya kusema. Na akina dada wa kanisani, ambao midomo yao haikuwahi kupata likizo, waliueneza ujuzi huo Mississippi nzima.

Kwa hiyo mwaka 1947, Ozella alipopata sehemu ya maana katika filamu ya upelelezi, alingoja filamu ifike kwao, akapanda treni akarudi. Moyo wa Bi Lutie ulikuwa umechoka, daktari hakuficha. Ozella alitaka mama amwone kwa macho yake kabla ya siku yake ya mwisho kufika, basi.

Ndiyo, alikuwa mtumishi tena. Hester, katika jumba la matajiri la enzi za taa za gesi. Lakini safari hii hakuambiwa atoe macho wala ajikwae na sinia ili watu wacheke. Hester ndiye anayemwona muuaji, na ndiye anayemweleza mpelelezi, amesimama wima, akimtazama usoni.

Jumamosi mchana Bi Lutie alikuja kwenye jumba la sinema na wenzake saba, kofia za kanisani kichwani, kuku wa kukaanga kwenye mifuko ya karatasi. Wakapanda ngazi za nje hadi roshani ya weusi, maana chini walikaa wazungu peke yao, wakipumzishana njiani kwa ajili ya moyo wa Bi Lutie.

"Haya, tuonyeshe huyo nyota," alisema Dada Verlene akijitengenezea nafasi. "Au na humo ndani anapiga deki?"

Wakacheka, na Ozella akacheka nao, maana alikuwa na uhakika.

Taa zikazimwa. Kwenye filamu mlango ulifunguka, na hapakuwa na aliyeufungua. Meza ilikuwa tupu, mara chai ikawepo, na bibi wa kizungu akaishukuru hewa. Mpelelezi aligeukia kona, akatikisa kichwa kama anayesikiliza, na kwenye kona hapakuwa na mtu. Jumba zima lilikuwa kama lina pepo, na pepo huyo alikuwa Ozella. Alizijua hatua zake zote mle ndani. Akajishika mkono gizani kuhakikisha bado yupo.

Alishawahi kusikia habari za mikasi, kwamba filamu za kupelekwa majimbo ya Kusini hukatwa kwanza, asije mweusi akaonekana anazungumza na mzungu kama mtu na mtu. Alizisikia kama mtu anavyosikia msiba wa mtaa wa pili.

Kisha skrini ikawa nyeusi na ndani ya jumba likapigwa yowe. Hester alikuwa ameikuta maiti. Yowe halina uso, kwa hiyo mikasi ililiacha, na picha iliyofuata ilimwonyesha bibi wa kizungu amelala sakafuni, ameshauawa, kila mtu akadhani ni lake. Bi Lutie aliukamata mkono wa binti yake, na hakuuachia tena. Mwishoni mpelelezi alimkamata muuaji bila kuambiwa na yeyote, na wazungu kule chini hawakujiuliza amejuaje.

"Labda ulikuwa chini ya meza, mwanangu," alisema Verlene.

"Verlene, tangulieni."

Wakatangulia. Bi Lutie alibaki kitini.

"Yule mzungu hakulia. Ni wewe."

"Ni mimi, mama."

"Ndivyo ulivyolia walipotuletea Thurlow."

Thurlow alikuwa kaka yake Ozella. Aliletwa kutoka mtoni kwenye mkokoteni wa nyumbu, na miaka kumi na tisa alikuwa hajaimaliza. Wazungu waliomtia mtoni hakuna mpelelezi aliyewahi kuwatafuta, na baba yao hadi leo hakuweza kuvumilia kukumbushwa siku ile.

Ozella alisema hakuwa na kilio kingine cha kuwapa watu wa filamu.

"Walikurudisha kulia mara ngapi?"

Alifikiria kudanganya, akashindwa. "Tisa. Walisema bado haijawafika moyoni."

"Na ilipowafika?"

"Wakapiga makofi."

Bi Lutie alihema taratibu, kiganja kifuani, na Ozella akaogopa. Lakini mama alisimama mwenyewe, akaiweka sawa kofia yake.

"Nimeamini," alisema. "Ila baba yako akiuliza, tutamwambia hukuwemo."