Mama Mkwe Juu ya Mlima Homa

Miaka ya tisini, wakati wa mvua ya masika, kanisa letu lilipanda mlima Homa kuomba. Tulikuwa watu kama ishirini. Mimi nilivaa akala, vile viatu vya tairi, nilizonunua Karungu, akala nzuri sana, zilikaa miaka saba, lakini wacha hayo.

Mama mkwe wangu naye alikuja. Kwetu Waluo mkwe hamgusi mama mkwe, hata mkono wa salamu hatupeani, kwa hivyo nilikaa mbali naye njia nzima. Tulipofika juu radi ikaanza. Watu wakateremka mbio, mke wangu akiwa mbele na mtoto mgongoni. Mimi nilingoja mama atangulie. Akateleza kwenye jiwe, mguu ukavunjika, tukabaki sisi wawili.

"Mama, nikubebe?"

"Wewe! Unibebe mgongoni? Kaa hapo hapo!"

"Radi itakuua."

"Basi iniue na heshima yangu. Angalia kule!"

Nikageuka, nikaangalia kule. Radi ikapasua mti karibu yetu. Nilimsikia analia, na mimi nimesimama hatua kumi, mikono inaning'inia. Niliita watu mpaka sauti ikaisha.

Mvua ilipopungua wanawake walirudi wakambeba. Alikuwa anatetemeka, hawezi kuongea. Huko chini wazee walinisifu, wakasema nina adabu. Mke wangu alikuwa anamfunika mama yake na leso. Hakunitazama.

"Ulisimama tu?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo.