Masweta ya Barafu

Mimi ni mtu wa kushuku. Mwanafunzi akinyamaza nashuku, akicheka nashuku zaidi. Basi niliposikia kwamba bibi wa mwanafunzi wangu mmoja anakuja darasani kusikiliza, usingizi uliniruka.

Nilikuwa nafundisha darasa la pili, katika shule moja ya mlimani juu ya mji wa Lushoto. Wiki hiyo tulisoma habari za nishati ya joto na za ncha za dunia, kwenye barafu, ambako kiangazi jua halizami. Binti yule, mdadisi kuliko wote, akaenda kusimulia nyumbani. Bibi yake akasema mwalimu anawadanganya watoto. Heri mjukuu ahamie kwa mjomba wake, kule kijiji cha Magoma, akasome huko. Niliumia, maana nilimpenda mtoto yule na maswali yake.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa ya Julai, ukungu umefika madirishani. Nilinunua mapande mawili ya barafu kwa mwenye friza sokoni, nikayaweka kila moja kwenye sahani yake nyuma ya darasa, nikaenda kumpokea mgeni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hilo jua lisilozama umeliona kwa macho yako?"

"Hapana, bibi."

"Haya. Twende."

Tulipoingia, sahani moja ilikuwa tupu. Watoto walikuwa kimya mno. Nikajua wametumwa kuniaibisha, tena nikaanza kumtafuta aliyewatuma. Ndipo nilipoona safu nzima ya nyuma inatetemeka bila masweta, na pembeni kuna rundo la sufu.

"Barafu ilikuwa inasikia baridi, mwalimu," alisema binti yule. "Tumeivika."

Sikuweza kuwagombeza. Kwetu mgeni wa Julai husogezewa jiko la makaa hata kabla ya chai. Wao hawakuwa na makaa, wakatoa walichokuwa nacho.

Bibi akaguna. "Basi mmeshaiyeyusha."

"Tungoje, bibi," nikasema. Nikawapa wale wa nyuma kanga yangu wajifunike, tukaendelea na somo, naye hakuondoa macho kwenye rundo lile, kana kwamba ningeliroga.

Kengele ya mapumziko ilipolia, kwenye sahani ya pili palibaki maji na kipande kama kidole. Tukafukua masweta. Pande lilikuwamo, limepungua kidogo tu. Bibi akapekua sweta moja baada ya jingine, akatia mkono hadi ndani ya mikono ya sweta.

"Mmeficha nini humu?"

Mjukuu wake alikuwa ameshika sweta lake, analigeuzageuza. "Hamna kitu, bibi. Sweta halina joto lake. Linazuia tu. Letu lisitoke, na la nje lisiingie."

Bibi akalifunga pande lile ndani ya shali yake ya sufu, akalikumbatia. "Naenda nalo nyumbani. Nikifika na maji matupu, Jumatatu mtoto humwoni."

Jumamosi na Jumapili niliwaza shali ile tu. Kwa bibi ni kupanda kilima kizima, na Ijumaa ile jua lilikuwa limeshatoka.

Jumatatu nilisimama mlangoni. Binti yule akaja wa mwisho, mbio, sweta limefungwa vifungo vyote.

"Shikamoo, mwalimu. Bibi ameniagiza nikuulize. Huko jua lisikozama, watu wanafuturu saa ngapi?"

Nikamtazama usoni nijue kama ametumwa kunitega. Alikuwa ametumwa, wala hakuficha. Nikamwambia akae mbele.