Kipete cha Bunduki na Pazia la Mama Mkwe

Wasee, chekeni sasa mmalize, maana nikianza sitaki kukatizwa: mimi ndiye yule jamaa aliyeangusha pazia la mama mkwe mbele ya wazee, pale Jericho, siku ya posa yangu mwenyewe.

Mnajua kazi yangu ni kukagua vipuri vidogo kwenye karakana ya bunduki (ina leseni, tulieni), springi, skrubu, vipete vya kushikia mkanda, na kwa vipuri mimi huwa simwamini mtu, kwa sababu kitu kinaweza kung'aa vizuri kabisa lakini ukikipitisha kwenye soksi ya nailoni, kama kuna kijino ambacho tupa haikuondoa, uzi unanasa hapo hapo. Sasa Ijumaa muuzaji mmoja mpya akatuachia kipete cha kujaribu, bosi akataka jibu Jumatatu, nami kwa kiherehere changu nikakitia mfukoni nikaenda nacho nyumbani. Hapo ndipo nilipojiroga.

Kesho yake tuko kwa kina Nafula, mchumba wangu, chumba kimoja kimegawanywa kwa pazia. Upande huu mimi, Mjomba Barasa aliyekuja kunisemea, na Mzee Wekesa, babake Nafula. Upande ule mama mkwe na jiko lake, maana kwetu Wabukusu mkwe na mama mkwe hawaangaliani, hata salamu ni ya mbali. Kuku akaletwa. Mjomba akachokora bakuli, akachokora tena, uso ukabadilika. Firigisi ni ya mgeni wa heshima, na kuku asiye na firigisi ni matusi.

"Mama Nafula, firigisi iko wapi?" Mzee akauliza.

"Imeungua," sauti ikajibu nyuma ya pazia.

"Basi tumeelewa," Mjomba akasema, akachukua kofia yake. Posa yangu inakufa hivi hivi nikiona! Na mimi, badala ya kumwomba Mungu, vidole viko mfukoni vinasugua kile kipete. Laini ajabu. Rangi nyeusi nilikuwa nimeshaiangalia juani, imekolea sawasawa. Lakini je, kwa ndani pale kinapopinda? (Jamani, mimi nikianza kujiuliza kitu silali.) Na pazia lenyewe linanigusa bega, nailoni tupu. Nikakipitisha kidogo tu, huku chini, mahali ambapo hakuna mtu angeona.

Kikanasa. Nikavuta polepole, kikazidi kunasa, nikajifanya nakohoa nikavuta kwa nguvu, msumari ukang'oka ukutani, na pazia lote likanishukia kichwani.

Nilipojifunua, mama mkwe alikuwa pale kwenye kigoda, shavu limefura, nusu ya firigisi mkononi. Tukaangaliana macho kwa macho. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Mama Nafula!" Mzee akafoka. "Hiyo ndiyo imeungua?"

Mama akatafuna, akameza kwanza. "Tangu unioe nawapikia wageni wako, sijawahi kuijua ladha yake. Leo mtoto wangu anaondoka. Nikasema nami nionje."

Mzee akaangalia sakafu. Mjomba Barasa akageuza kofia mkononi, akaangalia bakuli, halafu akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka. "Mzee Wekesa, huyu mama amalize firigisi yake. Sisi tulifuata binti."

Nilipewa Nafula, lakini nikaambiwa nitafute mwenyewe kondoo wa kuondoa mwiko wa kuangaliana na mama mkwe. Kisha nikapewa nyundo. Nilipomaliza kufunga pazia, mkono ukatokea chini yake na kile kipete.

"Kijana, chukua chuma chako. Kina meno."

Jumatatu nikamwambia bosi kirudi kilikotoka. Akauliza nilikipima vipi, nikajifanya sijasikia. Siku hizi nikienda ukweni naenda mifuko mitupu. Na kwangu kuku akipikwa, firigisi anakula Nafula, na mgeni yeyote akiiulizia, imeungua.