Risasi ya Kumwacha Hai

Jirani yangu hapa ugenini, mtaa wa Malvern, Mkongo wa Lubumbashi, hujaza risasi zake mwenyewe, akipima baruti kama anayepima dawa ya mtoto. Jumamosi ile, kwenye uwanja wa shabaha, alinipa aina mbili nizijaribu kwa bunduki yangu ya kuwindia. Zenye baruti nyingi zilitoboa karatasi matundu yakagusana. Zenye baruti kidogo zilitawanyika.

“Hizi njo zenyewe, kaka,” akasema, akinisogezea zile kali. “Swala anakufa palepale.”

Hapo ndipo nilipokwama. Kwa mke wangu, mtu wa Tanga, mnyama aliyekufa kabla ya kisu ni kibudu, hata kama nilisoma Bismillahi kabla ya kufyatua. Nyama ya mwaka jana waliila mbwa wa jirani. Nikashika zile dhaifu.

“Nataka nimkute hai, nimchinje,” nikamwambia.

“Basi sema unataka aumie mpaka ufike.”

Nilihamaki. Nikazirudisha zile dhaifu mezani, nikazoa zile kali. Nyumbani nilimwambia mke wangu anunue kuku wake wa kuchinja.